Kamba ya Honi ya Bi Thelathini

Hapo zamani, na msinikodolee macho, si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi tu, simu zimeshajaa mifukoni na watu wameshasahau harufu ya makaa ya mawe, palikuwa na garimoshi bovu limelala kwenye yadi ya stesheni ya Kibaoni, chini ya mlima Mvumoni. Lilikuwa limelala miaka thelathini na ushei. Majani yaliota kwenye magurudumu, nyuki walihamia kwenye bomba la moshi, na kuku wa jirani alikuwa akitaga kwenye kiti cha dereva bila kuulizwa na mtu. Ubavuni lilikuwa na namba thelathini, basi watu wakaliita Bi Thelathini.

Na katika mji huo palikuwa na watu wenye maradhi. Maradhi yao ni treni. Walikuwa ishirini na wawili, wana chama chao, wana fulana zao, na wakikutana wanaweza kubishana juu ya nati moja tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha jioni. Waume zao na wake zao walishakata tamaa nao. Wenyewe walijiita Wapenda Treni, na watu wa mtaani waliwaita majina mengine ambayo sitayasema hapa mbele ya watoto.

Hao ndio waliomfufua Bi Thelathini. Miaka tisa, jamani! Walikwangua kutu, wakawafuata mafundi wastaafu majumbani kwao, wakaziba matundu ya boila, wakachonga upya kila chuma kilichoibwa. Siku moto ulipowaka tena na mvuke ukatoka, watu wazima walilia hadharani na hakuna aliyemcheka mwenzake.

Sasa mshikeni mmoja katika hao, maana hadithi ni yake. Anaitwa Mashavu Kaniki, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka arobaini na sita. Wenzake wote walikuwa watu wa picha, yeye alikuwa mtu wa sauti. Wao wanabeba kamera, yeye anabeba kinasa sauti na maikrofoni yenye manyoya, na masikioni amevaa vipokea sauti vikubwa kama vikombe vya uji. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia, "Mimi treni niliisikia kabla sijaiona. Nitafanyaje?"

Na kweli. Baba yake, Mzee Kaniki, alikuwa dereva wa Bi Thelathini kwa miaka kumi na saba. Nyumba yao iko kando ya reli, upande wa mlima, kona ya mwisho kabla ya stesheni. Zamani hizo kila dereva alikuwa na namna yake ya kupiga honi akirudi. Ya Kaniki ilikuwa mbili fupi na moja ndefu inayoshuka mwishoni, na nyumbani kwake maana yake ilijulikana: bandika maji, nimerudi. Mkewe, Bi Mwantumu, akiisikia tu anainuka kwenda jikoni.

Kaniki alishafariki siku nyingi. Bi Mwantumu yu hai, ana miaka themanini na minne, na kumbukumbu inamtoka kidogo kidogo. Siku nyingine anamwita Mashavu kwa jina la dada yake aliyekufa. Lakini kila jioni hatoki kwenye kigoda chake barazani, macho kwenye reli, na kila jioni anauliza, "Kaniki bado?"

"Bado, mama," Mashavu hujibu.

Alikuwa amechoka kujibu hivyo. Alitamani siku moja tu, mama kabla hajasahau na hilo, honi ipige mbili fupi na moja ndefu, na mama ajibiwe na Bi Thelathini mwenyewe. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote chamani. Aliona haya.

Basi sikilizeni desturi ya wale watu, maana ugomvi wote umo humo. Kila safari, treni ikibakiza kona tatu kufika nyumbani, husimama kunywa maji kwenye tangi la njia hiyo. Hapo huchaguliwa mtu mmoja aliyeifaa treni kuliko wenzake siku hiyo. Hupanda mbele kwa dereva, akapewa kamba ya honi, na kuanzia hapo mpaka stesheni anapiga apendavyo. Mmoja tu. Mle ndani kuna dereva, kuna mchochea moto, na mahali pa mtu wa tatu kusimama kwa shida. Na kamba ikishashikwa, haipokezwi.

Bi Thelathini alishafanya safari sita ndogo za majaribio, zote za tambarare, upande wa mashamba ya mkonge. Siku hii ninayowaambia ndiyo ya kwanza kupanda mlima. Na ndani ya behewa la kwanza alikaa mama mmoja mfupi, mwenye daftari na buti, mkaguzi aliyetoka mjini. Akisema ndiyo, Bi Thelathini atapanda tena baada ya masika, na kila mwaka. Akisema hapana, basi ni kurudi yadini kutagiwa mayai.

Asubuhi ile Mashavu alimuaga mama yake, "Mama, leo jioni usiingie ndani mapema."

"Kwani Kaniki anakuja?" mama akauliza.

Mashavu akachukua mkoba wake akaenda.

Treni ikapanda. Chuku, chuku, chuku, moshi mweusi juu ya migomba, watoto wa shule wakikimbia pembeni, kina mama wakiacha majembe na kupiga vigelegele. Mpaka wakafika Kona ya Chai. Wanaiita hivyo kwa sababu zamani hakuna abiria aliyepita pale na kikombe kisimwagike. Ni kona kali, juu kuna ukuta wa mawe, chini kuna bonde, na hapo ndipo Wapenda Treni walipotaka picha yao.

Na picha yao ina taratibu zake, nawaambieni, kama ibada. Watu wote wanashuka. Inafungwa kamba ya katani kando ya reli, na hakuna kuivuka. Treni inarudi nyuma hadi inapotea machoni. Halafu mwenyekiti, Mdoe, mwenye bendera zake mbili, anapaza sauti, "Kimya!" Na kikisemwa kimya ni kimya. Hakuna kukohoa, hakuna kupiga chafya, mtoto akilia anazibwa mdomo, maana kamera ishirini zinanasa sauti. Mdoe anapeperusha kijani, treni inapanda kwa nguvu zake zote, inapita mbele yao na moshi, inapotea juu. Hapo ndipo watu wanaruhusiwa kupumua. Mtu mmoja kwenye safari ya majaribio alisema "Eee!" katikati ya kupita, na mpaka leo wapo wasiomsalimia.

Mashavu aliweka maikrofoni yake chini kabisa, karibu na reli. Akavaa vikombe vyake. Mdoe akaita kimya. Bi Thelathini akaja.

Hakuna mtu aliyewahi kusikia sauti tamu kama ile iliyoingia masikioni mwa Mashavu. Nywele zilimsimama. Ndipo, injini ilipopita mbele yake, chini ya ile sauti kubwa akasikia sauti ndogo. Ko. Ko-ko. Ko. Chuma kinagonga pasipo pake.

Alimtazama Mdoe. Alifungua mdomo. Akaufunga. Kamera ishirini zilikuwa zinaendelea, na yeye mwenyewe ile sauti aliisubiri tangu yuko msichana. Akajiambia, labda ni mwangwi wa ukuta. Treni ikapita, ikapotea, watu wakapiga makofi.

"Wingu!" akalalamika mtu. "Wingu limeziba jua! Irudi tena!"

"Irudi! Irudi!" wakadai wote. Hivyo ndivyo walivyo, wingu dogo tu, treni nzima irudishwe. Mdoe akakubali, dereva akakubali, Bi Thelathini akarudi chini.

Kimya. Kijani. Akaja mara ya pili, jua limewaka, moshi umesimama wima, uzuri hauelezeki. Na Mashavu akasikia: ko-ko, ko-ko-ko, kwaa!

"Simamisha!" akapiga ukelele. "Mdoe, simamisha! Nyekundu! Nyekundu!"

Mdoe alishtuka mpaka akaangusha ya kijani, akainua nyekundu, na treni ikasimama kwa mikwaruzo na mvuke.

Jamani, watu walivyomgeukia! "Mwalimu, umetuua!" "Jua lenyewe lile!" "Mara moja katika miaka thelathini, unapiga kelele?" Mama mmoja alikaa chini kabisa akashika kichwa.

"Kuna kitu kinagonga chini," Mashavu akasema. "Nimekisikia."

Dereva, Mzee Lukindo, aliteremka na mchochea moto. Wakainama, wakaingia chini kadiri walivyoweza, wakagonga hapa, wakatikisa pale. Lakini katikati ya injini pamezibwa na sanduku la majivu, bado la moto, na pale mlimani hakuna shimo la fundi kusimama akatazama juu. Wakatoka wamejaa masizi.

"Sioni kitu, mwalimu," Lukindo akasema. "Breki niliiona nzito kidogo wakati wa kurudi nyuma. Nikadhani ni uzee. Mbona na mimi magoti yanagonga?"

Watu wakacheka. Mkaguzi hakucheka, aliangalia saa. "Kama hakuna kitu, twende," akasema.

Mashavu akasimama peke yake na maikrofoni yake. Aibu ilimjaa mpaka masikio yakawaka moto.

Sasa kulikuwa na kijana mmoja, Mbwana Kilua, umri wake miaka ishirini na sita, mpiga video. Maelfu ya watu walitazama video zake kwenye simu, na kwa sababu hiyo wazee wa chama hawakumpenda. Walisema anapenda kutazamwa kuliko anavyopenda treni. Wakati watu wanapanda behewani, Mbwana alibaki nje, mkono mfukoni. Akapanda ngazi moja. Akashuka. Akamwendea Mdoe mbele ya mkaguzi.

"Mwenyekiti," akasema, "nilivuka kamba."

"Ulivuka nini?"

"Kamba. Mlipokuwa mnabishana juu ya wingu. Nilitega kamera ndogo katikati ya reli, juu ya taruma, lile gogo linalobeba reli, ili treni ipite juu yake." "Najua adhabu yake. Lakini tazameni kwanza."

Adhabu yake ilikuwa kufukuzwa chamani, na kila mtu pale aliijua. Mdoe akafura kwa hasira, akataka kusema, mkaguzi akamzuia kwa mkono na kuichukua ile kamera. Wakainamia kioo kidogo. Tumbo la Bi Thelathini likapita polepole: sanduku la majivu, mafimbo, magurudumu. "Rudisha," Lukindo akasema. "Rudisha. Hapo! Hapo!"

Fimbo kuu ya breki ilikuwa inaning'inia upande mmoja, inagonga mataruma. Pini yake ilikuwa imekatika nusu, imeshikilia kwa kipande kisichofika upana wa kucha.

Watu wakanyamaza, na safari hii hakuna aliyewaambia. Wakati wa kupanda mlima, breki ya nini? Lakini kurudi ni mteremko wa saa nzima, na breki za mabehewa peke yake mlima ule hauzitambui. Kila mtu alitazama lile bonde. Yule mama aliyeshika kichwa alikwenda akamshika Mashavu mkono.

Lukindo akavua kofia. "Hii ni ile pini tuliyochonga wenyewe," akasema. "Ya asili tuliitafuta yadi nzima miezi minne, hatukuipata. Hii tuliyochonga ni nyembamba kwa unywele, na chuma chake si kile."

"Una nyingine?" mkaguzi akauliza.

"Sina."

"Basi watu watashuka kwa miguu," akasema mkaguzi, "na injini itabaki hapa. Na garimoshi linaloachwa mlimani siku yake ya kwanza, mimi siwezi kuliandikia ruhusa. Samahanini sana."

Hakuna aliyemlaumu. Yule mama mfupi naye macho yalikuwa mekundu.

Ndipo akasogea Mzee Ernesti Mhina. Huyu alikuwa mstaafu wa posta, miaka sitini na tisa, mtaratibu, mpole. Alikusanya vitu vya reli: tiketi, taa za ishara, vifungo vya makoti ya magadi wa treni. Nyumbani kwake mkewe alilala kati ya kengele ya stesheni na kibao cha choo cha daraja la pili. Alikuja na mkoba wake wa ngozi, ule asioutoa begani hata akila. Akaufungua. Akatoa kitu kimefungwa kwenye leso, akakifungua. Ilikuwa pini ya chuma, ndefu kama kiganja, imepakwa mafuta, inang'aa. Kichwani ilipigwa chapa: 30.

Lukindo aliipokea. Aliigeuza. Akamtazama Mhina usoni. "Umeipata wapi?"

"Niliichomoa mimi," Mzee Mhina akasema. "Mwaka ule wanunuzi wa vyuma chakavu walipokuja. Walisema wiki inayofuata wanamkata. Nikaingia chini usiku, nikasema, angalau kipande kimoja kibaki. Nilidhani namzika mtu, nachukua ukumbusho." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Halafu hakukatwa. Halafu mkaanza kumfufua. Halafu mkaitafuta pini miezi minne, na mimi nikiwa nanyi, nashika tochi. Kila siku nikisema kesho nitaileta. Ningewaambia nini?"

Mdoe akafoka, "Mzee Mhina! Tungekufa!"

"Najua," akasema. "Najua, baba."

Wakapoza sanduku la majivu, Lukindo na mchochea moto wakaingia chini kwa mgongo, na ile pini ikaingia mahali pake kwa pigo moja la nyundo. Wakaijaribu breki mara tatu, mkaguzi mwenyewe amelala kifudifudi kwenye kokoto na buti zake. Akainuka, akajipangusa, akaandika jambo daftarini.

"Mtafika stesheni ya juu, Mawinguni," akasema, "na mtarudi kwa magurudumu. Mkirudi salama, ruhusa yenu hii hapa."

Kelele zilizopigwa Kona ya Chai siku hiyo, hata nyani walihama.

Walifika Mawinguni, wakala, wakapiga picha hadi wakachoka. Wakashuka mteremko, breki ikishika vizuri, na alasiri jua likiwa bado juu wakafika kwenye tangi la maji, kona tatu kabla ya nyumbani. Bi Thelathini akasimama kunywa. Watu wote wakakusanyika kumzunguka Mdoe.

"Kamba ya honi," akasema Mdoe, na akakuna kichwa. "Leo sijui hata nianzie wapi."

"Maji yakijaa, naondoka," Lukindo akasema kutoka juu. "Semeni upesi."

Mbwana akatangulia, hakuwa mtu wa kusubiri. "Nani aliona? Mimi niliona. Mwalimu alisikia, sawa, lakini mlimwamini? Mlimcheka. Mzee alikuwa na pini, sawa, lakini angejua kama inahitajika? Bila picha yangu, treni ingeondoka na pini ingebaki kwenye leso. Na nilijua mtanifukuza, nikasema. Tangu nijiunge mnaniita mtu wa mitandao. Leo nataka kuitwa mwenzenu."

"Nawe ulivuka kamba!" akasema mtu.

"Nilivuka. Na nyinyi nyote mko hai."

Lukindo akaegemea dirisha. "Nami namsemea asiyejisemea. Nani aliponya? Mhina aliponya. Kusikia kuliponya? Hapana. Kuona kuliponya? Hapana. Tulisikia, tukaona, na bado tulikuwa tunamwacha Bi Thelathini mlimani. Na mwaka ule mnaujua, kila kilichofunguka pale yadini kiliyeyushwa. Kama asingeichomoa yeye, angeichomoa mwingine, na leo ingekuwa sufuria. Alitunza miaka kumi, akaipaka mafuta. Na akatoa mbele ya watu, bila kulazimishwa na mtu."

"Lakini ndiye aliyesababisha!" Mbwana akasema.

"Ndiye," Mzee Mhina akaitikia kabla ya wengine. "Msinipe. Mpeni mwalimu."

Mkaguzi naye akainua mkono kama mwanafunzi. "Mimi si mwanachama wenu. Lakini nani alianza? Mwalimu alianza. Picha hii ingetazamwa kesho nyumbani, baada ya mazishi. Pini ingekaa mkobani. Yeye ndiye aliyeharibu sauti ya watu ishirini na ya kwake mwenyewe, kwa kitu asichokiona, na akachekwa."

Watu wakaanza kuitikia, "Mwalimu! Mwalimu!" Wakamsukuma Mashavu mbele. Mikono ikamwelekeza kwenye ngazi ya injini. Kona tatu tu! Alishaiona kamba ile ndani, ikining'inia, mpya, ya katani. Alimwona mama kigodani. Mbili fupi, moja ndefu, ishuke mwishoni, na mama ainuke kwenda jikoni. Baada ya masika? Miezi mitano. Baada ya miezi mitano mama atakumbuka nini?

Akaweka mguu kwenye ngazi. Akauondoa.

"Nilisikia mara ya kwanza," akasema.

"Mara ya kwanza ipi?"

"Treni ilipopita mara ya kwanza. Niliisikia inagonga, nikanyamaza. Kwa ajili ya sauti yangu. Na kwa ajili ya kimya chenu. Kama jua lisingezibwa na wingu, isingerudi. Ningepanda behewani na nyinyi nikiwa nimekaa kimya." Akainua kinasa sauti chake. "Imo humu, mkitaka kuisikiliza. Ko, ko-ko, ko."

Hakuna aliyetaka kuisikiliza. Mzee Mhina alimwekea mkono begani. Hata Mbwana alitazama chini, maana na yeye picha ilikaa mfukoni muda wote Lukindo akiwa chini ya injini, na alikuwa karibu kupanda ngazi.

"Haya," Mdoe akasema kwa upole, "una la kuongeza, mwalimu?"

Alikuwa nalo. Mama yangu yuko barazani, kona ya mwisho. Angelisema, wangempa wote kwa pamoja, wangelia tena, wangembeba. Lakini ingekuwa huruma, si haki, na kamba ile hutolewa kwa haki. Au haki ni nini? Hakujua. Alimtazama Mbwana anayetaka kuitwa mwenzao. Alimtazama mzee aliyekaa miaka kumi na chuma mkobani na usingizi haupati. Akafunga mdomo, na hakujua kama safari hii anafunga vizuri au anafunga vibaya.

Tangi likafurika. Maji yakamwagika kwenye magurudumu.

"Naondoka!" akaita Lukindo, na mvuke ukatoka. "Mdoe! Nani anapanda?"

Mnatikisa vichwa. Mnataka kuniambia wapokezane. Nimeshawaambia haipokezwi, na nafasi ni ya mtu mmoja. Mnataka kuniambia asipewe mtu. Honi isipigwe, siku Bi Thelathini amerudi mlimani? Hilo nalo mkawaambie watu waliojipanga stesheni na maua. Mnataka kuniambia mngempa mama wa watu raha yake ya uzeeni. Vizuri, nyie mnajua habari za barazani, mimi nimewaambia. Mdoe hakuambiwa. Yeye alikuwa na watatu tu mbele yake: aliyesikia akanyamaza kisha akapiga kelele, aliyevunja sheria kisha akasema, aliyeiba kisha akarudisha. Ondoa mmoja, na Bi Thelathini hafiki kwenye tangi lile.

Gurudumu la kwanza limeshaanza kuzunguka, na Mdoe amenyoosha mkono kumpandisha mtu. Haya, semeni nyinyi wenye vinywa: angekuwa ni mkono wako, ungemshika nani?